Jino Halisubiri Mwisho wa Mwezi

Mtu akishika shavu ofisini, ndani ya matatu au kwenye foleni ya benki, ataambiwa moja kati ya mambo mawili. La kwanza: "Jikaze, itaisha." La pili: "Dawa ya jino ni kung'oa." Wanaosema hivi hawana nia mbaya. Ni shangazi, ni soja wa geti, ni jamaa mnayeketi naye dawati moja. Lakini hakuna anayeuliza ni jino gani, limeanza lini, au kama limepigwa eksirei. Ushauri unatoka kabla ya swali.

Mimi nasema misemo hiyo miwili ni uongo mmoja uliovaa nguo mbili. Yote inakuambia usifikiri. Mmoja unauachia wakati uamue, mwingine unaliachia koleo liamue. Na wanaoumia sana ni vijana, kwa sababu magego ya mwisho, yale manne ya nyuma kabisa, kwa kawaida huanza kutokeza kati ya miaka 17 na 25. Ni miaka ile ya kuhama kwa mathe, ya mshahara wa kwanza usiofika tarehe 15, ya kazi ya kandarasi isiyo na bima. Jino linabisha hodi wakati mfuko hauko nyumbani.

Waingereza huliita jino la hekima, Waarabu jino la akili. Hekima yenyewe siioni. Ninachoona ni abiria aliyechelewa. Fikiria matatu iliyojaa: meno 28 yameshakaa, halafu makanga anaita wengine wanne. "Songeni, kuna nafasi!" Wako wanaopata kiti na kukaa kimya hadi mwisho wa safari. Wako wanaoning'inia mlangoni, nusu ndani nusu nje. Wako wanaolala chini ya viti huku wakimsukuma aliyewatangulia. Na kuna matatu ambazo hao wanne hawapandi kabisa, maana wapo watu wasioota magego hayo maisha yao yote. Sasa, makanga mwenye akili hawashushi wote wanne kwa sababu tu walichelewa. Anaangalia kwanza nani amekaa vipi.

Anayeleta vurugu zaidi ni huyu wa mlangoni. Gego likitokeza nusu, kipande cha ufizi hubaki kimelifunika kama kofia. Chini ya kofia hiyo chakula kinaingia, mswaki haufiki, bakteria wanafanya sherehe. Ufizi unavimba, ladha mbaya inajaa mdomoni, ukimeza mate uchungu unafika hadi sikioni, na ikizidi taya linakataa kufunguka hata kwa kijiko. Hapo ndipo safari za kwenda kemisti huanza. Unatoka na vidonge vya maumivu, na mara nyingi na Flagyl na amoxicillin ambazo hakuna daktari aliyekuandikia. Siku tatu nne, uvimbe unashuka. Unawaandikia marafiki: "Niko poa sasa."

Hauko poa. Bakteria wamepungua, lakini kofia ya ufizi bado ipo na gego limekaa palepale. Hakuna kidonge kinachoweza kulinyoosha jino lililolala. Kidonge kinakupa siku chache za kupanga, na sisi tunazitumia kusahau. Kisha baada ya miezi miwili tunarudi kwa kidirisha kilekile na kununua dozi ileile, nusu dozi ikiwa pesa ni kidogo, na hivyo tunawazoesha vimelea dawa ambayo siku tutakayoihitaji kweli haitafanya kazi. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi, sawa, yanasafisha na kutuliza. Karafuu nayo si uchawi wa kina shosho: mafuta yake yana eugenol, kitu ambacho madaktari wa meno wenyewe hukitumia. Lakini hizo ni dawa za kukufikisha asubuhi. Haziwezi kukufikisha mwaka ujao.

Basi tuuchukue uongo wa kwanza, huu wa kujikaza. Tunausifu uvumilivu kiasi kwamba mtu anayelalamika jino huonekana mtoto. Lakini maambukizi hayana adabu ya kubaki pale yalipoanzia. Kutoka kwenye gego la chini yanaweza kuenea chini ya ulimi na shingoni, sakafu ya mdomo ikavimba hadi ulimi ukasukumwa juu na njia ya pumzi ikaziba. Daktari Mjerumani aitwaye von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kwa karibu karne mbili dunia imejua kwamba jino linaweza kuua. Kwa hiyo ukiona uvimbe unashuka shingoni, una homa, kumeza kumekuwa kazi au sauti imebadilika, kemisti mwache. Nenda hospitali usiku huohuo.

Kuna pia hasara isiyo na kelele. Gego linaloota kwa kulala humsukuma jirani yake, na kati yao hubaki mwanya ambamo chakula kinakaa. Jirani huyo, gego la pili ulilokuwa ukitafunia githeri bila wasiwasi, anaanza kuoza. Yule wa mwisho ukimkosa hutajua hata kama hayupo. Huyu wa pili ukimkosa utajua kila siku mezani. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na walisema hivyo bila kuona bei ya jino la bandia Nairobi.

Uongo wa pili una koti jeupe, kwa hiyo unaaminika haraka. Kung'oa. Kama kungekuwa ni jibu la kila gego la mwisho, wataalamu wasingebishana. Lakini wamebishana, tena hadharani. Mwaka 2000, taasisi ya NICE inayotoa miongozo ya matibabu kwa huduma ya afya ya umma ya Uingereza ilisema magego ya mwisho yaliyokwama lakini yasiyo na ugonjwa yasing'olewe eti kwa kujikinga. Ikaeleza pia kwamba ufizi ukivimba mara ya kwanza, isipokuwa iwe vibaya sana, hiyo pekee haitoshi kuwa sababu ya upasuaji. Ukirudia mara ya pili, hapo kung'oa kunastahili kufikiriwa. Marekani, ambako vijana wengi hung'olewa yote manne hata kabla hayajauma, daktari wa meno Jay Friedman aliandika mwaka 2007 katika American Journal of Public Health kwamba angalau theluthi mbili ya shughuli hiyo haihitajiki. Wapo wenzake waliompinga, na wana hoja pia: mfupa wa kijana ni laini, mizizi haijakomaa, na kupona ni rahisi kuliko ukiwa na miaka 40. Nawasikia. Lakini hoja hiyo inatutaka tuamue mapema. Haisemi tung'oe vipofu.

Kwa sababu koleo lina bei yake. Neva inayopeleka hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya taya, wakati mwingine milimita chache tu, wakati mwingine bega kwa bega na mizizi ya gego la chini. Ikiguswa, mdomo unaweza kufa ganzi kwa wiki kadhaa, na kwa wachache, kwa maisha. Ndiyo maana kuna eksirei ya taya zima inayoonyesha mizizi na njia ya neva kwa pamoja, na ndiyo maana mahali neva iko karibu mno daktari anaweza kukata kichwa cha jino na kuacha mizizi ikae. Watu wengi ninaowajua wamewahi kuambiwa "tung'oe". Ambao wamewahi kuambiwa kwamba kuna njia hiyo ya tatu ni wa kuhesabika kwa vidole.

Mimi niling'olewa moja, la chini kulia, baada ya ufizi kuvimba mara mbili ndani ya mwaka. Daktari alifungua picha kwenye skrini, akanionyesha mizizi, akanionyesha mstari wa neva, akanieleza kinachoweza kwenda mrama na nini nifanye kikitokea. Kisha akayatazama yale mengine matatu na kusema hayana neno, tuyaache. Yapo hadi leo. Hakuna ujasiri hapo wala bahati. Ni picha moja na mazungumzo ya dakika kumi.

Kilichonichoma ni karatasi zilizofuata. Bima ya kazini, ambayo ingenilipia mguu uliovunjika bila maswali mengi, ilikuwa na sanduku dogo la pembeni lililoandikwa "meno na macho". Gego langu lilitakiwa litoshee humo. Halikutosha, na nililipa salio mwenyewe. Na mimi ni miongoni mwa waliobahatika kuwa na hilo sanduku.

Nani aliamua kwamba mdomo si sehemu ya mwili? Damu inayopita kwenye ufizi ni ileile inayopita moyoni. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Nimekisoma mbele na nyuma. Hakisemi "afya, isipokuwa meno". Tangu Oktoba 2024 mwenye payslip anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya bima mpya ya afya ya jamii. Sawa, tunakatwa. Basi mkato huo uje na jibu fupi, kwa Kiswahili, limebandikwa ukutani katika kila hospitali ya umma: gego lililokwama linalipiwa au halilipiwi, kiasi gani, na wapi? Mtu hapaswi kulijua jibu hilo akiwa na shavu limevimba mbele ya dirisha la keshia.

Najua nitaambiwa nini. Nchi yenye wagonjwa wa saratani wanaosubiri matibabu haina muda wa meno. Huo ni ujanja wa kuwapiganisha wagonjwa wao kwa wao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa, karibu nusu ya dunia. Mwaka mmoja kabla yake, nchi wanachama zilipitisha azimio la kuingiza afya ya kinywa katika huduma ya afya kwa wote. Kitu kinachougua nusu ya dunia hakiwezi kuwa anasa. Na gego linaloanza kama uvimbe mdogo likiachwa hadi shingo ijae usaha, linaenda kulala kwenye kitanda kilekile cha wodi tunachosema hakitoshi. Kuziba ufa ni rahisi kuliko kujenga ukuta. Hilo hata wizara inalijua.

Nitaambiwa pia: "Maneno matamu, lakini doo iko wapi?" Swali la haki. Sitakudanganya kwamba upasuaji ni sawa na bei ya smokie. Kung'oa jino lililosimama wima ni kazi ya dakika chache. Gego lililozama kwenye mfupa linataka ufizi ukatwe, mfupa upunguzwe, pengine jino lenyewe ligawanywe vipande, na bei inapanda kwa kila hatua. Ndiyo hasa sababu ya kutosubiri liwe dharura. Mwenye dharura hapigi bei, haulizi pengine, hapangi chama. Anayejua mapema kwamba gego lake litamsumbua anaweza kuulizia hospitali ya kaunti, hospitali ya rufaa, kliniki za chuo kikuu kinachofundisha madaktari wa meno, na kulinganisha.

Na akiketi kwenye kile kiti, asiwe mzigo. Auulize mdomo wake kama anavyouliza gari la mitumba. Gego hili lina ugonjwa gani kwa sasa? Nikiliacha, nini kinaweza kutokea, na nitakujaje kukaguliwa? Mizizi iko umbali gani na neva? Unaling'oa wewe, au kuna mtaalamu wa upasuaji anayefaa zaidi? Nifanye nini siku ya tatu uchungu ukirudi kwa nguvu, maana damu iliyoganda ikitoka mapema shimo hubaki wazi na maumivu yake hayana mfano? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Anayekasirika amekujibu tayari. Jina lake pia si siri: Baraza la Madaktari, KMPDC, lina rejista ya wenye leseni, na kuikagua hakuhitaji kujuana na mtu.

Sikuambii ung'oe, na sikuambii uache. Wanaokuambia moja kati ya hayo bila kukuona ndio ninaogombana nao hapa. Ukivimba mara moja, tafuta picha. Ukivimba mara ya pili, keti na daktari muamue. Picha ikionyesha amani, liache jino likae na ulipige mswaki kama mengine. Na bosi wako, mwenye bima yako, mbunge wako aliyepitisha makato yako, waulize swali lilelile hadi wachoke kulisikia: mdomo wangu umo ndani ya mwili wangu, au haumo?