Mkanda wa Gari na Tawakali



Wako miongoni mwetu watu wema ambao, waambiwapo wafunge mkanda wa gari, hujibu kuwa ajali ni kadari ya Mungu, na siku ikifika haina kinga. Neno hilo ni la imani, lakini limetiwa mahali si pake. Imepokewa kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na siku ya Uhud yeye mwenyewe, ambaye hapana amshindaye kwa tawakali, alivaa deraya mbili. Jee, sisi tutakataa utepe mmoja?

Mkanda huu upitao begani na kiunoni ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo huko Uswidi, na kampuni hiyo ikawaruhusu wenye viwanda wengine kuutumia bila ya malipo.

Lakini wengi wetu huufunga kwa ajili ya askari tu. Mmoja huupitisha chini ya kwapa ati wamkera shingoni. Mwingine huulaza juu ya tumbo. Tumbo ni laini, na gari ligongapo, mkanda huweza kupasua yaliyomo ndani. Kipande cha chini na kilale juu ya mifupa ya nyonga, na cha juu kipite katikati ya bega na kifuani, bila ya kujipinda. Mja mzito aupitishe chini ya tumbo, wala asiache kuufunga. Na avaaye buibui aondoe mikunjo ya nguo, mkanda upate kumkaa sawasawa mwilini.

Khatari iliyo kubwa zaidi ni mtoto mapajani mwa mamaye. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Ni mama gani aangukaye hivyo akaweza kumshika mwana mikononi? Wengine hujifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto. Hayo ni mabaya zaidi, kwani uzito wote wa mama humbana mtoto kwenye mkanda. Mtoto mdogo ana kiti chake, nacho hufungwa nyuma. Na mchanga huelekezwa uso nyuma, wala haelekezwi hivyo katika kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa. Kiti hicho kina bei, twajua; lakini sare za arusi twaona zanunuliwa bila ya mnong'ono.

Na bibi akaaye nyuma naye afungwe. Asiyefunga hurushwa mbele kwa uzito wake wote, na mara nyingi aliye mbele yake ni mwanawe.