Bunduki ya pili: Mnunuzi asome mizania kabla ya mtutu

KATIKA biashara ya bunduki za kuwindia nchini Marekani, bunduki ya kwanza haimsumbui mtu. Kijana anaingia dukani na dola 400 au 500, anatoka na Savage Axis au Ruger American yenye kitako cha plastiki, na msimu wa kulungu ukifika anapata nyama yake. Kazi inaanza miaka mitatu au minne baadaye, pale mtu huyo huyo anaporudi dukani akitaka kitu cha juu zaidi. Muuzaji, ambaye faida yake iko hapo hapo, humwonyesha bunduki za kuanzia dola 1,000 kwenda juu.

Swali la kibiashara ni hili: dola 600 au 700 za ziada zinanunua nini hasa? Wengi hulipa kwanza, kisha ndipo huuliza. Wanaouliza mapema hukuta kwamba jibu haliko kwenye mtutu kama walivyodhani.

Methali ya rahisi ni ghali haijafanya kazi vizuri katika soko hili tangu Savage ilipotoa Axis mwaka 2010 na Ruger kujibu kwa American mwaka 2012. Kampuni hizo mbili hazikupunguza gharama kwa kuharibu mtutu. Zilipunguza mahali ambapo mkono wa fundi ulikuwa ukila fedha: kung'arisha chuma, kuchonga mti wa jozi, kulinganisha kipande na kipande kwa tupa. Mashine zinazoongozwa na kompyuta zilichukua nafasi ya fundi huyo, na plastiki ikachukua nafasi ya ubao. Savage tayari ilikuwa na siri ya zamani. Tangu Model 110 ya mwaka 1958, iliyobuniwa na Nicholas Brewer, mtutu wake umefungwa kwa nati maalumu inayomwezesha fundi kurekebisha nafasi ya chemba haraka, badala ya kuhangaika na vipimo vya kila kipande. Ni njia isiyopendeza machoni, lakini ndiyo iliyoifanya bunduki ya bei nafuu ipige sawa na ya bei kubwa.

Matokeo yake ni kwamba mwenye Axis nzuri, akiipandisha hadi bunduki ya dola 1,200, anaweza kwenda kwenye uwanja wa shabaha na kukuta matundu ya karatasi yako karibu kama yalivyokuwa. Mshangao huo ni wa gharama. Alichonunua ni vitu vingine: kitako kigumu kisichopinda anapokiegemeza, bolti inayoteleza bila kukwaruza, kifyatuo chepesi kinachokatika bila kuvuta-vuta, chuma kisichoshika kutu upesi, na sura ya kumrithisha mtoto. Vyote ni halali. Ila kila kimoja kina bei yake, na baadhi vinanunuliwa peke yake kwa fedha kidogo. Kifyatuo ni mfano mzuri. Savage ilileta AccuTrigger, kinachorekebishwa uzito na mwenye bunduki mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kampuni nyingine zikalazimika kuifuata. Leo kifyatuo cha kurekebisha kipo hata kwenye bunduki za daraja la chini.

Kwa hiyo mtu anayesema bunduki yake ya kwanza "haipigi vizuri" apime kwanza darubini aliyoifunga juu yake. Bunduki nyingi za daraja hili huuzwa zikiwa na darubini tayari, na hapo ndipo mtengenezaji alipobana matumizi kuliko mahali popote. Vilevile apime risasi alizopiga tangu ainunue. Kama risasi moja ya kuwindia ni dola 2, tofauti ya dola 600 ni risasi 300, yaani mazoezi ambayo wawindaji wengi hawayafanyi katika miaka mitano.

Baada ya hayo, mwenye nia ya kupanda daraja bado ana haki ya kupanda. Uwanja wa bunduki za nyumbani una majina machache tu yenye uzito.

Savage 110 ya sasa ndiyo hatua fupi kuliko zote. Tangu mwaka 2018 matoleo yake mengi yana kitako kinachorefushwa na kuinuliwa kwa vipande vinavyobadilishwa, jambo kubwa kwa mtu mfupi au mrefu kuliko kawaida, maana bunduki isiyolingana na bega humfanya mwenyewe aiogope. Si bunduki ya kujivunia sebuleni. Kwa fedha yake, ni vigumu kuishinda.

Ruger Hawkeye ni ya aina nyingine. Imetokana na Model 77 ya mwaka 1968, ina ukucha mrefu wa chuma unaoishika risasi tangu inapotoka kwenye kasha mpaka inapotupwa nje, na mwili wake hutengenezwa kwa kumimina chuma katika kalibu, ufundi ambao Ruger imeumiliki kwa miongo mingi. Pete za kufungia darubini huja ndani ya sanduku na hukaa moja kwa moja juu ya mwili wa bunduki. Ni jambo dogo, lakini wanunuzi wa bunduki nyingine hulipia pete na vishikizo hivyo kando. Udhaifu wake ni kwamba ndugu yake wa bei ndogo, American ya toleo la pili lililotoka mwishoni mwa mwaka 2023, amekaribia mno: mtutu wenye michirizi ya mzunguko, rangi ya kuzuia kutu, kitako cha kuinua shavu. Ruger imejitengenezea mshindani nyumbani kwake.

Winchester Model 70 ndilo jina lenye sifa kubwa kuliko yote, na kwa kipimo cha .375 H&H si bunduki ngeni katika vitalu vya uwindaji vya Tanzania. Lakini mwenye kutaka bidhaa ya nyumbani asome maandishi ya kwenye mtutu. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, kazi ikahamia South Carolina, na tangu mwaka 2013 bunduki hizo zimekuwa zikiunganishwa Ureno. Jina lenyewe linatumika kwa leseni kutoka kampuni ya Olin. Bunduki ni nzuri. Ila anayelipa nyongeza ya bei kwa ajili ya Umarekani wake analipia historia, na ushuru wa forodha uliotangazwa mwezi Aprili 2025 ulimkumbusha kila mtu kwamba jina la Kimarekani halimaanishi bidhaa ya Kimarekani.

Inabaki Remington 700, na hapa ndipo mfanyabiashara anapopaswa kukaa na kusoma polepole.

Remington ilianzishwa mwaka 1816 na Model 700 ilitoka mwaka 1962. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa bunduki ya kupandia daraja. Vipuri vyake vilitengenezwa na kila fundi. Mwaka 2007 kampuni ya uwekezaji ya Cerberus iliinunua kwa dola milioni 118 pamoja na kubeba madeni makubwa zaidi ya bei hiyo. Muda mfupi baadaye Remington nayo ikainunua Marlin, watengenezaji wa bunduki za kukokea kwa wenzo. Mwaka 2011 kiwanda cha Marlin cha North Haven kilifungwa na mashine, zilizokuwa zimechakaa na kuzoeana na mafundi wake, zikahamishiwa Ilion, New York. Mafundi hawakuhama nazo. Bunduki zilizotoka baada ya hapo zilikuwa na kasoro ambazo wanunuzi walizipachika jina la dhihaka, na mpaka leo mwenye duka la mitumba huangalia mwaka wa kutengenezwa kabla ya kutaja bei.

Wakati huo huo kesi za kifyatuo cha Model 700 zilikuwa mahakamani, na suluhu yake ilihusu zaidi ya bunduki milioni 7 zilizostahili kubadilishiwa kifyatuo. Kampuni iliomba kinga ya kufilisika mwezi Machi 2018, ikatoka, ikarudi tena Julai 2020. Safari hii iligawanywa vipande. Vista ilichukua risasi kwa dola milioni 81.4. Ruger ilichukua Marlin kwa dola milioni 28.3. Sehemu kubwa ya bunduki zenye jina la Remington, jina la miaka zaidi ya 200, ilikwenda kwa dola milioni 13 tu. Mwezi Machi 2024 kiwanda cha Ilion kikafungwa, na mji ambao ulikuwa ukiishi kwa bunduki tangu mwaka 1828 ukabaki na majengo. Kazi imehamia LaGrange, Georgia.

Hakuna lolote katika hayo lililoanzia kwenye ubora wa mtutu. Lilianzia kwenye mizania. Kampuni yenye deni kubwa inaanza kubana ukaguzi, mafunzo na muda wa fundi, na mnunuzi ndiye anayegundua, akiwa porini. Marlin ni ushahidi wa upande wa pili: Ruger ilikaa na mali hiyo zaidi ya mwaka mzima bila kuuza bunduki hata moja, ikapanga upya mashine katika kiwanda chake cha Mayodan, North Carolina, na ya kwanza ikatoka Desemba 2021. Kampuni isiyo na mkopo wa kulipa inaweza kusubiri hivyo.

Mwekezaji mdogo anayetazama hisa za Ruger katika soko la New York asidhani kwamba subira hiyo ni kinga ya kila kitu. Mauzo yake yalifika dola milioni 730.7 mwaka 2021, wakati Wamarekani waliponunua bunduki kwa hofu, yakashuka hadi milioni 595.8 mwaka uliofuata na milioni 535.6 mwaka 2024. Gawio hulipwa kwa asilimia 40 hivi ya faida, kwa hiyo hupanda na kushuka nayo; anayetaka kiasi kile kile kila robo mwaka atafute kwingine. Savage haimo sokoni kabisa. ATK iliinunua kwa dola milioni 315 mwaka 2013, na Vista ikaiuza kwa milioni 170 mwaka 2019, kwa kundi lililoongozwa na menejimenti yake. Anayetaka kujua thamani ya jina la bunduki asome tarakimu hizo mbili.

Tatizo la msingi la biashara hii ni kwamba bidhaa haifi. Bunduki iliyotunzwa humzika mwenye kuinunua, na mshindani mkubwa wa kila mtengenezaji ni bunduki aliyoiuza mwenyewe miaka 30 iliyopita, ambayo sasa iko kwenye rafu ya mitumba bila kodi ya asilimia 11 inayotozwa bunduki mpya. Ndiyo maana ngazi ya kupanda daraja inatangazwa kwa nguvu: bila hiyo mteja mmoja ni mauzo mamoja.

Kwa mwenye dola 1,200 na Axis kabatini, mpango wa busara ni kuanza na darubini nzuri na masanduku kadhaa ya risasi, kisha kuwinda msimu mmoja. Akirudi bado anataka bunduki, achague Savage 110 kama ana tatizo la kimo au bajeti, Hawkeye kama atawinda kwenye mvua na matope. Model 700 ya LaGrange ingoje mpaka kiwanda kipya kijenge rekodi yake, na ile ya Ilion inunuliwe kwa bei ya mtumba tu, kifyatuo kikiwa kimeshakaguliwa. Muuzaji akiomba Axis ya zamani iwe sehemu ya malipo, bei atakayotoa itakuwa ndogo, maana bunduki mpya ya aina hiyo hiyo iko nyuma yake ukutani kwa bei ya chini. Ni afadhali ibaki kuwa ya akiba.