Hesabu za Ukolezo Haziishii Kidato cha Nne

Katika shule za sekondari za Tanzania, somo la kemia lina mada ambayo wanafunzi wengi huiogopa: hesabu za moli na ukolezo wa myeyusho. Mwanafunzi hukariri kanuni, huitumia katika mtihani, kisha huiacha maabara pamoja na mirija ya kupimia. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kanuni hiyohiyo inawasubiri katika wodi ya wazazi, kwenye ndoo ya klorini na jikoni kwa mama anayemuuguza mtoto wa kuhara. Huko hakuna msahihishaji wa kutoa nusu ya alama kwa njia nzuri yenye jibu baya.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Maji yanapoongezwa kwenye dawa, kiasi cha dawa kilichomo hakiongezeki wala hakipungui. Kinachobadilika ni ujazo unaokibeba. Kwa hiyo ukolezo wa awali ukizidishwa kwa ujazo wa awali, jibu hulingana na ukolezo wa mwisho ukizidishwa kwa ujazo wa mwisho. Ikiongezwa maana ya asilimia katika dawa za sindano, yaani gramu zilizomo katika mililita 100, muuguzi anakuwa na sehemu kubwa ya anachohitaji.

Mfano ulio wazi ni magnesiamu salfeti, dawa inayotumika kuzuia na kutibu degedege la kifafa cha mimba, ugonjwa ulio miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wajawazito. Mara nyingi dawa hii huja katika ampuli yenye ukolezo wa asilimia 50, yaani kila mililita ina nusu gramu. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, nayo hutolewa polepole ikiwa imezimuliwa hadi asilimia 20. Hesabu yake ni hii: gramu 4 zimo katika mililita 8, zikiongezwa mililita 12 za maji ya kuchanganyia sindano, hupatikana mililita 20 zenye ukolezo wa asilimia 20. Anayechanganya gramu na mililita, akavuta mililita 4, amempa mama nusu ya dozi, na degedege laweza kurudi. Anayejaza bomba la mililita 20 bila kuzimua amebeba gramu 10, na dawa hii ikizidi mwilini huweza kuzima pumzi. Kati ya makosa hayo mawili pana mstari mmoja tu wa hesabu ya shule.

Wapo wanaosema kwamba majedwali yaliyobandikwa ukutani yanatosha, hivyo hapana haja ya kumsumbua mhudumu kwa hesabu. Majedwali ni mema na yasiondolewe. Lakini jedwali hujibu swali moja tu, lile lililokuwapo siku lilipoandikwa. Tazama klorini ya asilimia 0.5 inayotumika mahali palipomwagikiwa damu. Ikiwa jiki iliyopo ina asilimia 3.5, sehemu moja huchanganywa na sehemu 6 za maji. Bohari ikileta ya asilimia 5, sehemu moja huhitaji sehemu 9. Ikija klorini ya unga yenye asilimia 70, hupimwa gramu 7 na ushei kwa kila lita. Karatasi ya ukutani haijui kwamba chupa imebadilika. Anayejua ni yule aliyesoma lebo na kugawanya. Nayo nukta ikisogea nafasi moja, kutoka 0.5 hadi 0.05, dawa imepungua nguvu mara kumi, wakati ndoo inaonekana vilevile na inanukia karibu vilevile.

Hesabu hizi hazimhusu mhudumu peke yake. Pakiti ya ORS ya lita moja, kwa kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002, ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Vipimo hivyo havikubuniwa kwa kukisia. Molekuli ya glukosi ina uzito wa 180, 13.5 ikigawanywa kwa 180 hutoa moli 0.075, yaani milimoli 75. Sodiamu nayo, ikijumlishwa kutoka kwenye chumvi na sitrati, hufika milimoli 75. Ulinganifu huo ndio unaousaidia utumbo kufyonza maji, kwa kuwa sodiamu na glukosi huingia pamoja na maji huzifuata.

Sasa mama akiichanganya pakiti hiyo katika chupa ya nusu lita, akiamini kwamba dawa kali ndiyo inayoponya haraka, sodiamu hufika milimoli 150 kwa lita, kiwango kinachoupita ule wa damu yenyewe, ambao ni kati ya 135 na 145. Mtoto huzidi kuwa na kiu, na chumvi yaweza kupanda kichwani mwake hadi kumletea degedege. Akiichanganya katika lita mbili, dawa huwa hafifu. Haimlazimu mama huyo kujua moli ni nini. Inamlazimu aliyempa pakiti kumwambia kwa maneno yanayoshikika: soma ujazo ulioandikwa hapa, na ikiwa ni lita moja, jaza chupa mbili za nusu lita, bila kupunguza wala kuongeza.

Hapo ndipo penye ufa wa kuzibwa. Hesabu za ukolezo hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali zoezi lake la mwisho hufanyika kwa Kiswahili, mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni. Mwanafunzi aliyekariri alama za kanuni bila kuambiwa maana yake hawezi kuigeuza kuwa maelezo. Mwalimu wa kemia anayetoa zoezi la asidi na besi hatapoteza kitu akiongeza la pili kuhusu ampuli, na la tatu kuhusu ndoo ya klorini. Vyuo vya uuguzi navyo visichukulie kwamba hesabu hiyo ilikwisha sekondari.

Si haki, hata hivyo, kumtwisha muuguzi lawama zote. Anayehesabu saa tisa usiku, peke yake, huku mgonjwa akitetemeka kitandani, anaweza kukosea hata akiwa hodari. Kwa hiyo hesabu iandikwe, isifanywe kichwani. Mtu wa pili aihesabu upya bila kuonyeshwa jibu la kwanza. Bomba lililojazwa libandikwe jina la dawa na ukolezo wake. Sifuri iwekwe kabla ya nukta, iandikwe 0.5 na si nukta tano peke yake. Mambo haya hayahitaji mashine wala bajeti mpya. Yanahitaji kiongozi wa wodi anayeona kuhakiki kuwa ni desturi ya kazi, si dalili ya kutoaminiana.

Mgonjwa naye, au ndugu aliyemsindikiza, ana nafasi yake. Akiuliza dawa hii inachanganywa na maji kiasi gani, hajamvunjia mhudumu heshima. Amekuwa mhakiki wa mwisho. Kuuliza si ujinga, na mhudumu anayejibu kwa utulivu, akionyesha lebo na kipimo, huwa amelipa deni la elimu aliyopewa tangu alipokuwa kwenye dawati la kemia.