Msilaumu jiko banifu, zibeni nyufa

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, kila masika mkaa ukipanda bei nasikia maneno yaleyale: "Jiko banifu ni uongo, linakula mkaa kama la bati." Napinga. Jiko mnalolilaumu lilikuwa banifu siku mliyolinunua. Sasa limepasuka, limelegea, na hakuna aliyeligusa tangu hapo.

Jiko hili linabana mkaa kwa vitu viwili. Udongo wa ndani unazuia joto lisipotelee ubavuni, na mlango wa hewa unakuwezesha kupunguza moto. Udongo ukipasuka, au saruji inayoushikilia kwenye bati ikimomonyoka, hewa inapita inakotaka. Unafunga mlango, mkaa unaendelea kuwaka. Maharage yameshachemka, yanataka moto wa taratibu tu, lakini jiko linawaka kama la mhunzi.

Mama lishe, piga hesabu. Tuseme unatumia mkaa wa shilingi 2,000 kwa siku na robo yake inapotea bure. Hiyo ni 500. Kwa siku 300 ni shilingi 150,000. Huamini robo? Pima mwenyewe: maharage yaleyale, sufuria ileile, hesabu makopo ya mkaa kabla ya kuziba na baada ya kuziba.

Kujua panapovuja, subiri giza, washa jiko, funga mlango, kisha litazame pande zote. Ukiona mwanga mwekundu penye maungio, hapo ndipo. Likipoa, kwangua ufa hadi vumbi liishe na uloweshe kwa maji. Chukua udongo wa kichuguu uliochekechwa, changanya na majivu laini, kanda uwe mgumu kama ugali, kisha sindilia ndani kabisa. Usipake juu juu. Acha ukauke kivulini siku kadhaa, halafu anza na moto mdogo. Ukiona vijiufa vipya, rudia. Udongo husinyaa ukikauka. Pengo kati ya udongo na bati lijaze kwa saruji kidogo na majivu mengi. Saruji tupu usiiweke panapokaa moto, itapasuka na kubanduka. Mlango uliopinda peleka kwa fundi augonge ukae sawa. Ni kazi ya dakika chache.

Sitaki kuwaonea wananchi peke yao. Kuna mafundi wanaopachika udongo kwenye bati kwa tope tupu, wanapaka rangi ya kuvutia na kuuza siku ya gulio. Mfanyabiashara, kabla hujachukua mzigo, shika jiko ulitikise. Udongo ukicheza ndani, mrudishie. Na miradi ya majiko niliyoiona ilihesabu majiko yaliyogawiwa, ikapiga picha, ikaondoka. Sijaona hata mmoja uliorudi baada ya mwaka kuuliza mangapi bado yanabana mkaa. Sisi maafisa ugani tulipaswa kuuliza.

Wapo wanaoniambia: "Afisa, Serikali inasema twende kwenye gesi, wewe unatufundisha kukarabati majiko ya mkaa?" Ndiyo, nafundisha. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mimi naunga mkono. Lakini mtungi ukiisha na hela ya kujaza haipo, jioni hiyohiyo kaya inarudi kwenye mkaa. Jiko linalovuja ndilo linalokula hela ya kujaza mtungi.

Jambo moja msilichanganye. Kuziba jiko kunaokoa mkaa, hakuondoi sumu. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na ukibana hewa inaongezeka. Kwa hiyo jiko lililozibwa vizuri lisiingie chumba cha kulala hata kwa baridi ya Njombe. Wafugaji wanaolea vifaranga kwa jiko la mkaa, acheni nafasi ya hewa juu ya ukuta wa banda, na mtu asilale humo kulinda vifaranga.

Mbovu usiozibika ni ule ambao udongo wa ndani umemeguka vipande. Hapo badilisha udongo peke yake. Bati likiwa bado zima, halina sababu ya kutupwa.