Miswada ya Marehemu na Haki ya Msomaji

Mkusanyiko wa hadithi fupi unaotoka baada ya mtunzi kufariki hupita katika mikono miwili: ya aliyeandika na ya aliyechagua. Riwaya huja na mpangilio wake. Hadithi fupi hutawanyika magazetini na madaftarini, nyingine zikiwa na nakala mbili zisizolingana, na mhariri ndiye huamua ipi itangulie na ipi iachwe.

Franz Kafka alifariki Juni 1924 akiwa amesahihisha prufu za kitabu cha hadithi nne kilichotoka miezi michache baadaye. Hicho ni chake bila shaka. Riwaya alizoagiza zichomwe, ambazo rafiki yake Max Brod alizichapisha, zina hadhi nyingine, ingawa fasihi ingepungukiwa sana bila hizo.

Dodoma ina mfano wake. Mshairi Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, alifariki 1969. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA, chama cha washairi wa Kiswahili, vilitoka 1970 na 1971, kazi yake ya hadharani ikiwa bado mbichi vichwani mwa watu. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilingoja hadi 2013, ikachapishwa Ufaransa. Miaka 44 ni mingi mno kwa mtu aliyewaandikia Wagogo historia na mila zao. Mkazi wa Mkonze, kata ya jiji hilohilo, ndiye aliyestahili kuisoma kwanza.

Wapo wanaoona heshima ni kuiacha miswada sandukuni. Hoja hiyo ina nguvu pale marehemu alipokataza. Kunyamaza kwake si katazo. Shaaban Robert hakuuandikia umma barua alizompelekea ndugu yake Yusuf Ulenge, lakini zilipochapishwa 2002 zilimwonyesha mtunzi katika maisha yake ya kila siku, jambo ambalo vitabu vyake vingine havikulitosheleza.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Huo humlinda mrithi. Msomaji hulindwa na dibaji ya kweli: hadithi ipi ilikamilika, ipi iliungwa na mhariri, sentensi zipi zilibadilishwa, mswada uko wapi. Mchapishaji asiyeyasema hayo anamsemesha marehemu maneno yasiyo yake. Nakala za miswada nazo ziwekwe maktaba ya mkoa na Chuo Kikuu cha Dodoma, ili anayetilia shaka chapisho aweze kulilinganisha na mwandiko wa mtunzi.