Gari la Baba Lisiitwe Gari la Familia

Kuna desturi imejengeka mijini mwetu, nayo imekuja imevaa nguo nzuri kiasi kwamba ni wachache walioihoji. Mtu akipanda cheo, au biashara ikimnyookea, huuza Noah au IST iliyomlelea watoto, kisha huagiza gari la juu lenye injini ya mbio. Mwenye uwezo wa kadiri huagiza Subaru Forester XT. Aliyejaliwa zaidi hutafuta Range Rover Sport, BMW X5 au Porsche Cayenne. Akiulizwa sababu, hasemi kwamba anapenda mwendo. Husema, "Familia imekua."

Nia ya makala haya ni kulipima jibu hilo. Sina ugomvi na wapenda magari, wala simwonei kijicho aliyebarikiwa. Mtu mzima mwenye fedha yake halali ana haki ya kupenda injini. Ninachokataa ni kuwasingizia watoto.

Tuanze kwa haki, maana magari haya yana mazuri yake na asiyeyakiri hataaminiwa na mwenye gari. Dereva anayekaa juu huona mbali. Mvua za masika zikifumua barabara za mitaa ya Mbezi au Goba, uvungu wa juu humvusha mtu pale ambapo gari dogo limelala na tumbo lake matopeni. Injini ya Subaru imelazwa, silinda zake zikielekea kushoto na kulia, hivyo uzito unakaa chini; na nguvu hugawanywa kwa magurudumu yote manne, jambo ambalo kwenye utelezi lina thamani. Magari makubwa ya mbio hufungwa diski na breki nene kuliko ndugu zake wa kawaida. Tena kuna hoja ya kupita malori. Anayeipeleka familia Moshi kutoka Dar es Salaam mwezi wa Desemba kupitia Chalinze na Segera, safari ya zaidi ya kilomita 500, atakutana na malori mengi, na injini yenye nguvu hupunguza muda wa kukaa upande usio wake. Hoja hii ni nzito kuliko zote, nami nitairudia.

Juu ya hayo yote kuna heshima. Mlinzi wa geti hufungua haraka, na shemeji huongea kwa adabu zaidi. Tusijifanye hatuyajui hayo.

Wenye viwanda nao wanayajua. Porsche, kampuni iliyojengewa jina na magari mafupi ya milango miwili, ilitoa Cayenne mwaka 2002. Ile ya Turbo ilikuwa na nguvu farasi 450 na uzito wa zaidi ya tani 2.3, lakini ilifika kilomita 100 kwa saa kabla sekunde sita hazijaisha. Mwishoni mwa 2017 Lamborghini ikaonyesha Urus, nguvu farasi 650, mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Mwaka 2022 hata Ferrari ikasalimu amri ikaleta Purosangue, injini ya silinda 12, milango minne na viti vinne. Mwenye watoto watatu atafute pa kumweka wa tatu. Wafanyabiashara hawa waligundua kwamba mteja akishapata watoto hana haja ya kuachana na mbio, mradi auziwe mbio zenye viti vya nyuma. Kiti cha nyuma ndicho kinachompa ruhusa mbele ya mkewe, na mbele ya dhamiri yake.

Sisi wa kipato cha kati tuna toleo letu la hadithi hiyo. Forester XT iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2012 ina injini ya lita mbili yenye turbo, nguvu farasi 280, na viti vya watu watano. Noah ya miaka hiyo ina injini ya ujazo huohuo, nguvu inayozidi kidogo tu nusu ya hiyo, na viti vinane. Kama kweli ni familia iliyokua, mbona tumeongeza farasi na kupunguza viti?

Sasa turudi kwenye lori. Ni kweli kwamba injini kali hulipita upesi. Lakini injini hiyohiyo humshawishi dereva kuingia pale ambapo mwenye gari dhaifu angesubiri: kwenye kona, kwenye mwinuko ambao hauoni nyuma yake. Usalama wa kupita gari uko kwenye macho na subira, na hivyo viwili haviagizwi Japani. Tena kupita lori huchukua sekunde chache za safari ya saa kumi. Saa zilizobaki, nguvu ileile iko chini ya mguu wa dereva, ikimwomba aitumie.

Na ikitumiwa, hesabu yake haina huruma. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hukata mita 14 kila sekunde. Kwenye kilomita 100 hukata mita 28. Lakini ukiongeza mwendo mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kuizima huongezeka mara nne. Kwenye lami nzuri, gari linaloweza kusimama ndani ya mita 14 kwa mwendo wa kwanza litahitaji kama mita 56 kwa mwendo wa pili, na hapo hujahesabu mita 28 za ile sekunde moja ya kushtuka. Diski nene husaidia kidogo tu, maana mwisho wa yote kinachosimamisha gari ni mshiko wa tairi na barabara, na barabara zetu zina mchanga, mafuta yaliyomwagika na viraka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia nne. Shirika hilohilo linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Huo ndio umri wa wale tunaodai kuwanunulia gari.

Mwenye gari atasema: mimi siendeshi ovyo, nguvu ninayo tu, siitumii. Namwamini. Basi nimuulize: unalipia nini? Sheria yetu inataka kilomita 50 kwa saa penye makazi, na barabara ya kwenda Moshi haiishiwi makazi: Chalinze, Mkata, Korogwe, Mombo, Same, kila mahali matuta, na trafiki na tochi yake chini ya mti. Mjini ndiyo kabisa. Foleni ya Ubungo haimjui mwenye turbo. Kwa hiyo farasi wale ama wanalala zizini wakila kila siku, ama wanatolewa nje kinyume cha sheria na watoto wakiwa nyuma. Sioni njia ya tatu.

Na kula wanakula. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na hakuna mahali methali hii ilipo na ushahidi zaidi kuliko kwenye magari makubwa ya mitumba. Huko Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kodi ya mwaka hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Mwenye gari huona gharama za matengenezo na kodi zikimkaribia, huliuza, na bei yake huanguka. Sisi tunaiona ile bei mtandaoni tunasema tumeokota dhahabu. Tunasahau kwamba anayenunua kwa bei ya gari kuukuu atanunua spea kwa bei ya gari jipya.

Turbo inataka mafuta ya injini ya daraja lake, tena yabadilishwe kwa wakati; ukichelewesha, inakufa. Mfumo wa magurudumu manne wa Subaru unataka tairi zote zilingane kwa ukubwa na kwa kulika, hivyo shimo moja likipasua tairi moja, huenda ukalazimika kununua nne. Range Rover Sport na Cayenne nyingi hukaa juu ya shokapu za hewa, na hewa ikianza kuvuja, asubuhi utalikuta gari limechuchumaa uani. Hapo fundi wa chini ya mwembe, aliyeifufua Noah yako kwa spana na busara, atakwambia kwa unyenyekevu kwamba hili linataka kupimwa kwa kompyuta. Utakwenda Gerezani kutafuta spea, na huko utachagua kati ya iliyotumika, ya bandia, na ile halisi ambayo bei yake inatisha.

Tupige hesabu ndogo ya mafuta. Tuseme familia inakwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, na tukadirie lita moja kwa Sh3,000. Gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 litatumia Sh4,500,000. Gari zito la silinda nane, kwa foleni za Dar es Salaam, linaweza kufika lita 20. Hapo ni Sh9,000,000. Tofauti ni Sh375,000 kila mwezi, kabla hujabadilisha hata plagi. Serikali nayo ilishachukua chake bandarini: ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 huwa asilimia 10 injini ikizidi cc 2,000, na gari lililozeeka hutozwa nyongeza. Fedha hii inatoka wapi? Mara nyingi inatoka mahali pasipopiga kelele. Bima kubwa hugeuzwa bima ndogo, ambayo gari likipata ajali kwa kosa lako haikulipi wewe. Tairi hununuliwa zilizotumika. Nimeona gari la mamilioni mengi, watoto wanne wamesimama kiti cha nyuma bila mkanda, kwa sababu fedha ya kununua viti vya watoto iliishia kwenye rimu.

Rimu hizo zenyewe ni adhabu kwa wanaokaa nyuma. Gari la mbio hupendeza kwa rimu pana na tairi nyembamba, na tairi nyembamba haina mto wa kumeza shimo. Shokapu zake zimekazwa ili gari lisiyumbe kwenye kona. Baba aliyeshika usukani huona raha. Mtoto nyuma anatapika kabla ya Segera. Na yale yaliyochongwa paa kuteremka nyuma kwa urembo, kama BMW X6, humpunguzia bibi nafasi ya kichwa na mizigo nafasi ya kukaa.

Hadi hapa nimewazungumzia walio ndani ya gari. Walio nje nao ni familia. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama wa barabarani kwa niaba ya kampuni za bima, IIHS, ilitoa uchunguzi wa maelfu ya ajali za waenda kwa miguu. Ulionyesha kwamba gari ambalo boneti yake imepita kimo cha sentimita 100 hivi lina uwezekano wa kumuua anayegongwa unaozidi kwa takriban asilimia 45 ule wa gari lenye boneti fupi iliyoteremka. Sababu yake haihitaji digrii: boneti fupi humpiga mtu miguuni, ndefu humpiga kifuani. Na mtoto wa darasa la pili, kifua chake na kichwa viko wapi? Watoto wetu wengi huenda shule kwa miguu, pembezoni mwa barabara zisizo na njia ya waenda kwa miguu.

Dar es Salaam yenyewe imetoa somo juu ya jambo hili. Mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliopata tuzo ya WRI Ross mwaka 2019, ulipunguza majeruhi karibu na shule za msingi kwa vitu vya kawaida kabisa: matuta, alama, vivuko, njia za miguu, na kupunguza mwendo wa magari. Uhai wa mtoto uliokolewa kwa kupunguza mwendo. Tukishalijua hilo, tunawezaje kununua mwendo kwa jina la mtoto?

Liko na la mwisho. Mtoto hajifunzi udereva siku anapolipia chuo. Hujifunza miaka kumi kabla, akitazama bega la baba au la mama kutoka kiti cha nyuma. Akiona bodaboda inasukumwa pembeni, akiona taa nyekundu inajadiliwa, akisikia "tumewaacha hao", anaandika kila kitu. Leseni atakayopewa baadaye itakuwa karatasi juu ya mafunzo hayo.

Basi ndugu zangu, nawaasa. Unayetaka kununua, waweke kwanza wote wa nyumbani barazani, uhesabu watu, mizigo na barabara unayopita kila siku. Umuulize fundi wako, kabla hujamuuliza dalali, spea za gari hilo zinapatikana wapi na kwa bei gani. Tenga kabisa fedha ya bima kubwa, tairi nne mpya na viti vya watoto. Ikiwa bajeti haivibebi vitatu hivi, gari hilo limekushinda hata kama bei yake unaiweza. Ukihitaji gari la juu kwa ajili ya matope, chukua la juu lenye injini ya kawaida. Uvungu hauongezwi na turbo.

Na wewe uliyekwisha kununua, sikwambii uuze. Funga watoto mikanda, wote, hata mnapokwenda sokoni tu. Usirudishe gari nyuma uani bila kujua kila mtoto yuko wapi. Na kama moyo wako unapenda mwendo, ukiri wazi kwamba ni starehe yako, uilipie kwa fedha inayobaki baada ya ada na matibabu, kisha uitafutie uwanja wa mashindano siku ambayo watoto wamebaki nyumbani.