Kanuni za Kubadilishana Nyumba za Umma Zibandikwe Ukutani

Mimi ni fundi bomba, na riziki yangu kubwa naipata kwenye maghorofa ya umma hapa Dar es Salaam. Fundi huingia mpaka chooni na jikoni, kwa hiyo huona wapangaji wanavyoishi kuliko karani anayepokea pango.

Kuna bibi mmoja, mjane, anakaa ghorofa ya nne, vyumba vitatu, jengo halina lifti. Watoto wake wote wana makwao. Magoti yanamsumbua. Pampu ikiharibika maji hayapandi, naye humlipa kijana ampandishie. Siku asipokuwa na hela hushinda na dumu moja la lita 20, hilo hilo la kupikia, la kutawadhia na la chooni. Chini kabisa, jengo hilo hilo, wapo mume na mke na watoto wanne katika chumba na sebule. Kila usiku makochi yanasogezwa ili watoto wapate pa kulala.

Wamekubaliana wabadilishane. Hakuna anayedaiwa pango. Barua yao ilipokelewa na kugongwa muhuri, na tangu hapo wakiuliza wanaambiwa faili liko kwa mkubwa.

Mwenye hela hasubiri hivyo. Anamtafuta dalali, anatoa kilemba, na mimi naitwa kubadilisha koki kwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye mkataba. Kwa hiyo wanaosema ruhusa ya kubadilishana italeta biashara ya nyumba wamechelewa. Biashara ipo, na inashamiri kwa sababu njia halali haina mwisho.

Uingereza walilitungia sheria. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985 inampa mpangaji wa kudumu wa halmashauri haki ya kubadilishana nyumba na mwenzake kwa idhini ya maandishi. Halmashauri ina siku 42 za kujibu, na sababu za kukataa zimetajwa humo humo: kwa mfano, nyumba ni kubwa mno kwa anayehamia, au ilitengenezwa maalumu kwa mlemavu na anayeingia hana ulemavu. Mwenye malimbikizo ya kodi anaweza kuambiwa alipe kwanza. Siku 42 zikipita kimya, halmashauri haiwezi tena kuzitumia sababu hizo.

Hata sisi tunaweza. Magomeni Kota kaya 644 ziliorodheshwa, na maghorofa yao mapya yakazinduliwa Machi 2022. Orodha ya kaya mbili zinazotaka kupishana haiwezi kuwa kazi ngumu kuliko hiyo.

La kwangu kama fundi ni ukaguzi. Kabla ya funguo kukabidhiwa, wapangaji wote wawili wawepo, mita ya maji isomwe, na deni alipe aliyeyatumia. Nimeona familia inahamia leo, kesho inakatiwa maji kwa deni la aliyetoka. Bomba linalovuja ukutani liandikwe kwenye fomu, anayeingia asije akabebeshwa gharama.

Ninawaomba wanaosimamia nyumba za umma waandike kanuni hizi na kuzibandika kwenye ubao wa kila jengo. Wazee na wagonjwa watangulizwe kwenye nyumba za chini. Kila ombi liwe na siku ya mwisho ya kujibiwa, na likikataliwa, sababu iandikwe na mkubwa atie saini yake.